Heshima ya Mtumishi na Kalamu Yake

Katika historia ya riwaya za Ulaya ni vichache vitabu vilivyozusha furaha na mabishano kwa wakati mmoja kama Pamela, kilichotolewa London mwezi wa Novemba 1740. Mtungaji wake, Samuel Richardson, hakuwa mwanachuoni wala mtu wa ukoo mkubwa. Alizaliwa mwaka 1689, mwana wa seremala. Akajifunza kazi ya kupiga chapa, na kwa bidii yake akawa na kiwanda chake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini riwaya hii ilipotokea.

Asili ya kitabu ilikuwa biashara. Wauza vitabu wawili, Charles Rivington na John Osborn, walimtaka atunge barua za mfano kwa ajili ya watu wasiozoea kuandika. Alipokuwa katika kazi hiyo alifikiri juu ya wasichana waliokwenda kutumika katika nyumba za watu, na mitego iliyowangoja humo. Akakumbuka kisa alichopata kusikia zamani, akaiweka kando kazi ile, na tangu tarehe 10 Novemba 1739 hata tarehe 10 Januari 1740 akaandika riwaya nzima.

Pamela Andrews ana umri wa miaka 15. Wazazi wake ni maskini, naye hutumika katika nyumba ya bibi tajiri huko Bedfordshire, ambaye amemfundisha kushona, kuandika na kufanya hesabu. Bibi anafariki, na nyumba inashikwa na mwanawe, ambaye kitabuni huitwa Bwana B. tu. Katika barua ya kwanza msichana anawapelekea wazazi wake gini 4 alizopewa na bwana huyo mpya. Wazazi hawakufurahi, waliingiwa na hofu. Walijua kuwa mkono utoao pasipo kuombwa huenda kesho ukadai pasipo haki.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Zawadi zilifuatwa na maneno, na maneno yakafuatwa na mikono. Pamela alipoomba kurudi kwao, alizigawa nguo zake mafungu matatu: alizopewa na bibi marehemu, alizopewa na bwana, na zile chache zilizokuwa zake kwa haki. Alitaka kuondoka na fungu la tatu tu. Hapo yaonekana hesabu aliyofundishwa ilimfaa katika jambo kubwa kuliko fedha: alijua kipi ni chake, na alijua kwamba nafsi yake imo katika fungu lile dogo.

Lakini gari lililoahidiwa kumfikisha kwa wazazi lilimpeleka Lincolnshire, katika nyumba nyingine ya bwana yuleyule, akawekwa chini ya ulinzi wa Bi Jewkes. Alipoambiwa kuwa yeye ni wa bwana, alikana kabisa kuwa mali ya mtu. Bwana akamletea masharti kwa maandishi: gini 500, nguo, vito, na shamba huko Kent, ilimradi akubali kuwekwa kinyumba. Pamela alimjibu sharti kwa sharti, na kila jibu lilikuwa hapana.

Msomaji atauliza, kwa nini hakushtaki? Swali hili ndilo kiini cha kisa. Bwana B. mwenyewe alikuwa na mamlaka ya hakimu katika wilaya yake. Padre kijana, Bwana Williams, alipojaribu kumsaidia, alikamatwa kwa deni alilokuwa akidaiwa na bwana huyo. Jirani mwenye cheo alipoombwa msaada, aliona kuwa kijana kumtamani mtumishi wa mama yake ni jambo lisilodhuru ukoo wa mtu. Kwa jirani huyo, ukoo wa Andrews haukuwa ukoo. Msichana aliyenyimwa baraza ya sheria alijifanyia baraza ya karatasi. Aliandika kila siku, akayashona maandishi yake ndani ya nguo alizovaa, na mwisho wake bwana aliyasoma. Aliyeshindwa na machozi na maombi alishindwa na ushahidi. Moyo wake ukageuka, akamwoa.

Kitabu kilipigwa chapa mara tano kabla mwaka 1741 haujaisha. Wako waliokisifu, na wako waliokicheka. Mwaka 1741 Henry Fielding alitoa Shamela, akimfanya msichana kuwa mlaghai aliyeuza heshima kwa bei ya ndoa. Mwaka huohuo Eliza Haywood akatoa Anti-Pamela. Huko Italia, Carlo Goldoni alipokigeuza kuwa mchezo wa kuigiza mwaka 1750, alimfanya baba wa msichana kuwa mtu wa cheo aliyejificha, ili ndoa isivunje mpaka wa nasaba. Dhihaka ya mmoja na woga wa mwingine vilitoka katika shina moja: ilikuwa vigumu kusadiki kwamba mtumishi aweza kuwa na heshima isiyotokana na hila wala damu ya kikabaila.

Hata hivyo Richardson naye hana budi kuhukumiwa. Jina kamili la kitabu chake lasema kuwa wema umelipwa, lakini malipo yenyewe ni mkono wa yule aliyemteka. Yaelekea hata yeye hakutulia na jibu hilo, kwa maana katika Clarissa, riwaya aliyoitoa miaka ya 1747 na 1748, mwanamke aliyedhulumiwa hukataa kuolewa na mdhalimu wake, akafa akiwa mshindi wa nafsi yake.

Kwa hiyo fadhila ya Pamela tusiitafute katika arusi. Tuitafute katika siku zile za kifungo, kabla hajajua kama kuna malipo yoyote, alipokuwa na wino kidogo, karatasi za kuficha, na neno moja la kukataa. Wema uliongoja malipo ungekubali gini 500.