Kanga ya Lubaina Himid

Nilipovunja ungo, bibi alinifunga kanga, akanisomea taratibu jina la kanga hiyo, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kama anayenikabidhi amana. Vazi hilo lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa pwani walipoanza kuunganisha leso. Maneno yakaja baadaye.

Ndiyo maana michoro ya Lubaina Himid, msanii anayeiingiza kanga katika kazi zake, hunigusa. Alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alipofariki, mama yake, mbunifu wa vitambaa, alimpeleka Uingereza angali mchanga. Kanga haikumwacha: pindo, mji wa katikati na jina vimeingia katika picha zake. Mwaka 2017 alitwaa Tuzo ya Turner ya sanaa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Nikiitazama kazi yake, namsikia bibi. Kilichofungwa kiunoni mwa msichana kimepanda ukutani, na bado kinasema.