Dau Lililoipa Kriketi Sheria

Anayesoma leo kwamba Kent ilicheza na Surrey huko Dartford mwaka 1709 hudhani kaunti mbili zilituma wachezaji wao bora kutetea heshima ya kwao. Sivyo. Klabu rasmi ya kwanza ya kaunti, ile ya Sussex, iliundwa mwaka 1839. Kabla ya hapo timu iliyobeba jina la kaunti mara nyingi ilikuwa ya tajiri mmoja, aliyekusanya watumishi wake na majirani wenye kipaji, kisha akawekeana dau na tajiri mwenzake. Naamini dau hilo, kuliko mapenzi ya kaunti, ndilo lililoilazimisha kriketi iwe na sheria za maandishi. Mkataba wa mwaka 1727 kati ya Duke wa Richmond na Alan Brodrick unataja wachezaji 12 kila upande na namna ya kuamua ugomvi, kisha unaweka sharti kali: mchezaji atakayetoa maoni juu ya jambo lolote la mchezo atolewe, isipokuwa mabwana hao wawili. Mwenye fedha ndiye mwenye kauli.

Yuko atakayesema kuwa haki ilidaiwa na wachezaji wenyewe, na hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1775 mipira mitatu ya mtupaji Lumpy Stevens ilipita katikati ya vijiti viwili vya wiketi ya mpigaji John Small bila kuviangusha. Small akaendelea kupiga, upande wake ukashinda. Lakini watu waliona mtupaji amedhulumiwa, na kijiti cha tatu kikaongezwa. Hisia hiyo ya haki siibezi hata kidogo. Ila wanakijiji wanaofahamiana humaliza dhuluma kwa mazungumzo. Wageni walioweka fedha huhitaji kipimo kisichobishika. Mwaka 1771, katika mechi ya pauni 50, Thomas White wa Chertsey alikuja na gongo pana kama wiketi yenyewe. Wapinzani wake, Hambledon, walishinda kwa mkimbio mmoja tu, na bado wakaandika malalamiko. Upana ukawekewa kikomo cha inchi 4¼. Kijiji hicho cha Hampshire kikatengeneza fremu ya chuma ya upana huo, na kila gongo lililotiliwa shaka likapitishwa humo.