Kifafa cha mimba: jibu lilitoka kwa nani?



Huku ughaibuni dada zetu wakienda kliniki ya wajawazito hupimwa presha na mkojo kila mara, na wengine hunung'unika: "Mkojo tena?" Basi tuitazame kidogo historia yake, maana ndani yake mna deni lisilotajwa.

Jina letu, kifafa cha mimba, lapotosha. Mama huanguka na kutikisika kama mwenye kifafa, lakini maradhi ni mengine. Mwaka 1843, John Lever wa Guy's Hospital, London, alichemsha mkojo wa wazazi waliopata degedege, akakuta albumini, yaani protini ya damu. Hospitalini humo humo Richard Bright alikuwa ameshaihusisha albumini na maradhi ya figo. Lever akaona kitu chengine: baada ya kuzaa, ile protini hutoweka. Kisha 1896 Scipione Riva-Rocci, Mtaliana, akatoa kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Sasa hatari iliweza kuonekana kabla mama hajaanguka.

Lakini kuona si kuzuia. Marekani walishika magnesiamu salfeti. Jack Pritchard wa Dallas aliandika utaratibu wake 1955. Uingereza wengi walitegemea diazepamu. Kila upande na mazoea yake, miaka na miaka!

Jibu lilipatikana 1995, kwa utafiti wa wanawake 1,687 katika nchi za Afrika, Amerika ya Kusini na India, Uganda na Afrika Kusini zikiwemo. Degedege lilirudi kwa 52% pungufu kwa waliopewa magnesiamu kuliko diazepamu, na 67% pungufu kuliko fenitoini. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kuwa dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya degedege hata kabla halijaanza. Uingereza nayo ikabadili mwendo. Kwa hiyo mama anayelazwa London leo anatibiwa kwa elimu iliyotokana na akina mama wa kwetu.

Na dawa yenyewe ni rahisi. Kazi kubwa ni ya nesi: ahesabu pumzi, agonge goti aone kama mguu bado unaruka, apime mkojo unaotoka, na awe na kalsiamu glukoneti karibu, kwani magnesiamu ikizidi husimamisha pumzi. Maabara nayo ipime chembe sahani za damu, ini na figo.

Hapo ndipo penye deni. Akina mama wa Afrika walisaidia kupata jibu, na wangali wakifa kwa maradhi hayo hayo, mara nyingi kwa kukosa kipimo cha presha kinachofanya kazi, au nesi mmoja kuachiwa wodi nzima usiku. Tukichanga fedha kupeleka nyumbani mashine kubwa kubwa, tuulize kwanza: kijikaratasi cha kupimia mkojo kipo? Na nani anakesha na mgonjwa?

Nangojea michango yenu, khasa wauguzi na wakunga mliomo humu.