Hesabu ya Jioni

Katika biashara ya teksi Dar es Salaam, neno "hesabu" lina maana moja. Ni fedha ambayo dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, awe amepata abiria au amekosa. Nimelijua neno hilo tangu nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa dereva wa kijiwe cha Magomeni Mapipa, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, mimi ndiye niliyekaa mezani usiku nikipanga noti, nikitenga ya tajiri, ya mafuta na ya nyumbani. Sasa mimi ni mtu mzima, naishi kwa kutunza vitabu vya wafanyabiashara, na nina Toyota IST moja ambayo kijana mmoja anaiendesha kama teksi mtandao. Yeye ndiye anayeniletea mimi hesabu. Nimeikalia meza ile pande zote mbili.

Ndiyo maana kila yanapozuka mazungumzo ya kampuni za teksi mtandao, ajira na ugumu wa maisha, natamani tuanze mbali kidogo. Wengi huanzia siku programu ilipoingia kwenye simu zao. Hesabu ilianza kabla.

Jiji hili halijawahi kuwa na usafiri wa kuwatosha watu wake. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, na ndani ya miaka michache mabasi yakawa machache kuliko abiria. Mafuta yalikuwa yamepanda duniani, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, kisha ikaja vita ya Kagera. Wazazi wetu wanakumbuka Jumapili ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, ili nchi ibane mafuta. Pengo hilo likazibwa na watu wenye magari yao, kwa kificho: zile "thumni thumni" zilizokimbizana na polisi, na teksi bubu ambazo mpaka juzi juzi ulizitambua kwa namba za njano, namba za gari binafsi, wakati teksi halali zina namba nyeupe. Mwaka 1983 serikali ikakubali mabasi ya watu binafsi yafanye kazi, na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ikatupa jina la daladala.

Teksi ilikuwa ya wenye nafasi, au ya wenye shida: mgonjwa wa kupeleka Muhimbili usiku, bibi harusi, mgeni anayewahi uwanja wa ndege. Safari zilikuwa chache na bei yake kubwa. Mita iliyozoeleka kwingine duniani haikushika mizizi kwetu. Bei ilikuwa mdomo wa dereva na mdomo wa abiria.

Baba aliingia kwenye kazi hiyo mwaka 1994, alipopunguzwa kiwandani. Ilikuwa miaka ya mashirika ya umma kubinafsishwa na watumishi kupewa kiinua mgongo waende zao. Kiinua mgongo chake kiliishia kwenye mabati ya nyumba. Jirani mmoja alikuwa na Datsun 120Y, akamkabidhi funguo. Lakini ufunguo haukutosha kumwingiza kijiweni. Ilibidi atafute mtu wa kumdhamini, alipe kiingilio, kisha akae nyuma ya foleni na kungoja zamu yake. Gari la mbele ndilo linalochukua kichwa, yaani abiria, na anayeruka zamu hutozwa faini. Fedha ya faini iliingia kwenye mfuko wa kufa na kuzikana. Babu alipofariki Morogoro, kijiwe kilitoa magari mawili na mafuta yake, na dereva mmoja akashika zamu ya baba siku zote za matanga ili hesabu isikatike.

Sisemi hivyo ili nikipambe kijiwe. Mgeni alitozwa mara tatu. Msichana aliyetoka kazini saa nne usiku alilipa bei ya woga wake, na akishapanda hakuna aliyejua yuko na nani. Kijana asiye na mdhamini hakuipata kazi hata awe dereva hodari namna gani. Yote hayo ni kweli, na anayeyasahau hawezi kuelewa kwa nini mwaka 2016 watu wa jiji hili waliipokea teksi mtandao kwa mikono miwili.

Ila katikati ya kijiwe na programu palikuwa na kipindi kingine, ambacho sioni kikiandikwa, nacho kwangu ndicho kiini cha jambo zima. Ni kipindi cha simu ya kawaida.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 na Mobitel, lakini kwa miaka kadhaa zilikuwa kifaa cha mabosi. Vodacom walipoingia mwaka 2000 na kampuni zikaanza kushindana, bei zikashuka hadi kumfikia dereva. Baba alinunua Nokia 3310 mwaka 2002, imeshatumika. Siku hiyo hiyo alinituma dukani nikanunue kaunta buku la kwaya mbili.

Daftari hilo ninalo. Kava lake jekundu limechubuka pembeni, na ndani kuna mwandiko wangu wa sekondari. Baba hakutaka majina ya watu, alitaka safari zao. "Mzee wa sindano, Muhimbili, Jumanne na Alhamisi." "Mama mapacha, Magomeni Kagera, shule saa kumi na mbili na nusu." "Mwalimu wa Ijumaa, anarudi Kibaha, usimcheleweshe." "Duka la vitenge, Kariakoo, analipa mwisho wa mwezi." Mbele ya kila safari kuna namba ya simu, na mbele ya namba kuna bei waliyokubaliana. Mteja alibip mara moja akimaanisha njoo, mara mbili akimaanisha leo siendi. Hakuna aliyepoteza hata senti ya muda wa maongezi.

Kwa mara ya kwanza baba aliacha kungoja zamu. Wiki ilianza akijua tayari nusu ya hesabu ilipo. Na mwaka 2005, tajiri alipotaka kupandisha hesabu kutoka 10,000 hadi 13,000 kwa siku, baba alimjibu kwa upole pale pale uani kwetu, nikisikia: "Kaka, gari ni lako, lakini wateja ni wangu." Hesabu haikupanda. Baadaye gari likauzwa, baba akahamia Corolla ya mtu mwingine, na daftari zima likahama naye. Mzee wa sindano hakujua hata kwamba tajiri amebadilika.

Sentensi ile ndiyo niliyoishika. Dereva asiye na gari alikuwa na mali, na mali yake ilikuwa watu waliomwamini.

Uber ilifika Nairobi Januari 2015 na Dar es Salaam Juni 2016, mwezi mmoja tu baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza kubeba abiria Barabara ya Morogoro. Ikafuata Taxify, ambayo sasa ni Bolt. Abiria alipata alichokikosa miaka yote: bei mbele ya macho, namba ya gari, jina na picha ya dereva. Kijana alipata kazi bila mdhamini. Vijiwe vikaanza kunyauka kimoja kimoja. Mimi nilinunua IST mwaka 2018 kwa mkopo wa Saccos, nikampa kijana wa watu kwa hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku. Mwanzoni aliifikisha kabla ya magharibi.

Lakini safari zake hazina daftari. Anambeba mtu kutoka Mwenge hadi Posta, wanaongea foleni nzima, wanaagana vizuri, na kesho yake mtu huyo anapelekewa gari jingine. Orodha ya wateja, bei waliyozoea, saa wanazotoka, yote anayo mwenye programu. Simu ileile iliyompa baba wateja wake ndiyo iliyowachukua kutoka kwa dereva wangu. Na dereva sasa ana matajiri wawili. Wa kwanza ni mimi, anaujua mlango wangu. Wa pili anakata fungu lake kabla fedha haijafika mkononi.

Mei 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,100 kwa lita, na serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni kupunguza makali. Unga na mafuta ya kula navyo vilikuwa vimepanda. Jioni moja kijana akaja mikono mitupu. "Dada, leo sijafikisha, na kesho sitafikisha." Nikamwambia aketi, tukaichambua safari moja kwa kalamu. Mwenge hadi Posta, abiria amelipa 8,000. Ukitoa robo ya kamisheni, inabaki 6,000. Kumfuata abiria, kumfikisha na kusimama kwenye foleni kumekula kama lita moja na robo, karibu 3,900. Imebaki 2,100, na saa nzima imekwisha. Safari kumi na mbili za namna hiyo ndizo zinazofikia hesabu ya 25,000, na hapo nyumbani kwake hajapeleka hata kibaba cha unga. Nilishusha hesabu usiku ule ule. Niliweza kwa sababu nilimtazama usoni na nikaiona kalamu inasema kweli. Yule tajiri wa pili hakushusha chochote, wala hapakuwa na mahali pa kumwendea na karatasi ile.

Abiria wengi hulalamika kwamba dereva akipiga simu, swali lake la kwanza ni "unaenda wapi, unalipa keshi?" Linaudhi, najua. Lakini anayelipwa kwa kadi anangoja fedha yake, na petroli haingoji. Wengine wanamwomba abiria afute safari walipane wenyewe. Hilo silikubali kabisa na nimemkataza kijana wangu, kwa sababu linamrudisha abiria kwenye giza la zamani, ndani ya gari ambalo hakuna anayejua liko wapi. Hata hivyo nalitambua lilikotoka. Ni dereva anatafuta mteja wa kuandika kwenye daftari lake.

Mapema mwaka huo huo wa 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilikuwa imeingilia kati. Ilipanga nauli na kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, ingawa kijana wangu bado alikatwa robo. Aprili, Uber ikasimamisha huduma nchini ikisema kwa masharti hayo haiwezi kuendelea. Januari 2023 ikarudi, baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Nimesikia watu wakisema serikali ilikosea tangu mwanzo, na wengine wakisema ilisalimu amri. Kwangu, jambo kubwa la miezi ile tisa ni kwamba kwa mara ya kwanza kamisheni ilizungumzwa hadharani, kama nauli ya daladala inavyozungumzwa, badala ya kuwa siri ya kampuni. Hilo lisirudi nyuma, hata kama asilimia 25 bado ni nyingi. Na kwa hesabu niliyoiandika hapo juu, ni nyingi.

Kinachoniuma zaidi hakihusu asilimia. Mwaka jana kijana wangu alifungiwa na kampuni anayoitumia. Asubuhi aliwasha simu akakuta ameondolewa, kwa malalamiko ya abiria ambayo hakuambiwa ni yapi, ya siku gani. Aliandika akaomba aelezwe. Majibu yalikuja kwa Kiingereza, yaleyale kila mara, yameandaliwa tangu zamani. Yeye ameishia darasa la saba. Nilikaa naye kwenye meza ileile ya baba nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha ofisini, barua nne kwa siku tisa. Siku ya kumi akafunguliwa, pia bila maelezo. Siku tisa zile sikumdai hesabu, lakini mwenye nyumba wake alimdai kodi, na shule ya watoto ilidai michango.

Pale Mapipa baba aliwahi kushtakiwa na abiria kwamba amemrudishia chenji pungufu. Mwenyekiti wa kijiwe aliwaita wote wawili chini ya mwembe, akawasikiliza, baba akakutwa na kosa, akalipa chenji na faini. Ilichukua nusu saa, na alasiri alikuwa amerudi kwenye foleni.

Ninachowaomba LATRA, na wabunge wanaotunga sheria, ni kimoja. Mmeweka ukomo wa kamisheni, basi wekeni na hili: kampuni yoyote inayobeba abiria nchini kwa programu isimfungie dereva kabla haijamwambia kosa lake kwa Kiswahili na kumsikiliza, na iwe na ofisi ambayo dereva anaweza kuingia na karatasi yake mkononi.