Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza (1896–1981) alikuwa mwandishi wa Tanzania kutoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, na mwanzilishi wa riwaya katika lugha ya Kikerewe.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Baada ya kufiwa na baba yake alilelewa kwenye makazi ya Mtemi Mukaka. Alisoma katika misheni ya Wakatoliki ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto wao walifariki wangali wadogo, lakini wawili hao hawakuachana.

Riwaya

Mwaka 1945 alikamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe. Inasimulia habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha nyumbani kwao, na Myombekere anawafuata wakwe zake kuomba arudishiwe mke na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye, kwa dawa za mganga Kibuguma, wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Humo Kitereza alieleza kwa kina kilimo, uvuvi, tiba, ndoa na mazishi ya Wakerewe kabla ya ukoloni, ili vijana wasipoteze urithi huo.

Uchapishaji

Kwa miaka mingi muswada ulikosa mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikutana na Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig, waliotambua thamani ya muswada huo. Kitereza aliitafsiri riwaya hiyo mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake.

Urithi

Riwaya hiyo imetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ni ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe. Kwa wasemaji wa lugha nyingine za Tanzania, kama Kimwera cha Nachingwea na Ruangwa, kazi yake ni ushahidi kwamba lugha ya jamii ndogo inaweza kubeba riwaya kubwa. Kitereza anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa fasihi ya Tanzania.