Nyayo za Kaa Kwenye Ramani

Dk. Albert Cook alifika Uganda mwaka 1897, akafungua hospitali ya Mengo, na tangu siku za mwanzo akashika tabia ambayo wagonjwa wake pengine hawakuijali: kuandika. Ugonjwa ulioonekana, tiba iliyotolewa, vyote viliingia daftarini. Madaftari yakarundikana. Zaidi ya nusu karne baadaye, jopo la madaktari wa Makerere lililoongozwa na J. N. P. Davies likayafukua na kuyasoma, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, likitafuta saratani. Matokeo yakachapishwa mwaka 1964. Ugonjwa ulikuwamo. Ulikuwamo tangu mwanzo, na sura yake kwa sehemu kubwa ilifanana na ile ambayo madaktari hao walikuwa wakiiona wodini enzi zao.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu akumbuke kilichokuwa kikisemwa kabla yake. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa kikoloni waliamini kwamba saratani ni ugonjwa wa ustaarabu, yaani wa kwao, na kwamba Mwafrika haumwi nao ila kwa nadra. Ushahidi wao ulikuwa vitanda: wagonjwa wa namna hiyo hawakulazwa kwa wingi. Lakini vitanda vyenyewe vilikuwa vichache, na mara nyingi waliovilalia walikuwa wanaume, askari na vibarua. Mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu isiyokoma hakuwa na hamu ya kujifunua mbele ya mwanamume mgeni. Aliuguzwa nyumbani, akapewa mitishamba, akafa, na hakuna aliyeandika. Katika hesabu za serikali alibaki kuwa miongoni mwa wasiougua saratani.

Davies na wenzake walikwisha kuanzisha daftari la saratani la Kampala miaka ya 1950, moja ya madaftari ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Lilipojaa, likaonesha kwamba kwa wanawake saratani iliyotia fora ilikuwa ya mlango wa kizazi. Wakati huohuo Uingereza iliyoitawala Uganda ilikuwa ikilia na ya matiti. Kwa nini hapa hii na kule ile? Swali hilo lilikuwa na umri wa karne mbili na nusu, na lilianzia kwa masista.

Neno lenyewe saratani tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni kaa. Wagiriki wa kale nao walitumia jina la mnyama huyohuyo, kwa sababu uvimbe uliokomaa ulikuwa na mishipa iliyotanda pembeni kama miguu ya kaa, na uvimbe ambao macho yao yaliweza kuuona vizuri ulikuwa wa titi. Saratani ya ini au ya kongosho hujificha. Ya titi hujitangaza. Ndiyo sababu historia ya kuhesabu ugonjwa huu inawahusu wanawake kuliko wanaume.

Bernardino Ramazzini, profesa wa Padua nchini Italia aliyekusanya maradhi ya kila kazi, aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba saratani ya matiti inaonekana sana kwenye nyumba za watawa. Mwaka 1842 Domenico Rigoni-Stern akapekua madaftari ya vifo ya mji wa Verona, ya miaka ya 1760 hadi 1839, akakuta jambo hilo ni kweli. Akakuta na la pili lililo kinyume chake: saratani ya kizazi, iliyowaua wake za watu na wajane, ilikuwa nadra kwa masista. Hapo hapakuwa na tofauti ya maji, hewa wala damu, kwa kuwa mji ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa kuolewa na kuzaa. Sayansi ingehitaji zaidi ya miaka 140 kueleza alichokiona.

Waingereza wao walikuwa na hazina ambayo nchi chache zilikuwa nayo, yaani usajili wa vifo ulioanza mwaka 1837. Alfred Haviland, tabibu mwenye mapenzi na ramani, alichukua takwimu za miaka ya 1851 hadi 1860, na mwaka 1875 akachapisha kitabu kikubwa chenye ramani ya vifo vya wanawake kwa saratani, wilaya kwa wilaya, Uingereza na Wales. Wilaya zenye vifo vichache alizipaka nyekundu na zenye vifo vingi buluu, kinyume na anavyotarajia msomaji wa leo. Rangi ya buluu ilimpeleka mabondeni, kwenye mito inayofurika na udongo wa mfinyanzi. Nyekundu ikampandisha kwenye miinuko ya mawe ya chokaa. Akahitimisha kwamba ardhi ndiyo inayoua.

Mto haukuwa na hatia. Hata hivyo Haviland asidharauliwe: alikuwa wa kwanza kuonesha kwa upana ule kwamba vifo vya wanawake kwa saratani havikutawanyika ovyo, na kwamba wilaya mbili za nchi moja zinaweza kutofautiana kuliko msafiri alivyodhani. Alichokosea ni kumtafuta muuaji kwenye udongo.

Kosa hilo lilianza kusahihishwa miaka ya 1920. Shirika la Mataifa lilikuwa limeona kwamba wanawake wa Uingereza, Uholanzi na Italia hawafi kwa saratani ya matiti na ya kizazi kwa viwango sawa, likataka kujua sababu. Katika wimbi hilo daktari wa Kiingereza, Janet Lane-Claypon, mwaka 1926 akatoa utafiti uliowalinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na wengine 500 wasio nayo. Hakuuliza habari za mito. Aliuliza umri wa kuolewa, idadi ya watoto, kunyonyesha. Waliochelewa kuolewa na waliozaa watoto wachache ndio walioonekana kuwa hatarini zaidi. Masista wa Ramazzini walikuwa wamepata maelezo yao, angalau nusu.

Kisa kinachonoga kuliko vyote, hata hivyo, kinatoka Marekani, na kiini chake ni kitu ambacho bibi wengi wa Tanzania wanakijua: ugoro.

Mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichapisha atlasi ya vifo vya saratani, kaunti kwa kaunti, kwa miaka ya 1950 hadi 1969. Ramani ya wanawake ilikuwa na doa ambalo halikutarajiwa. Saratani ya kinywa kwa kawaida ni ya wanaume wavutaji na wanywaji, lakini majimbo ya kusini-mashariki yaling'aa kwa vifo vya wanawake. Wanaotajwa kuwa wacha Mungu, wasiovuta wala kunywa hadharani! Watafiti wakaenda North Carolina kuwauliza watu wenyewe. Wanawake wa huko, hasa wa mashambani na wa viwanda vya nguo ambako moto wa sigara ulikatazwa kwa ajili ya pamba, walikuwa na desturi ya kubana ugoro kati ya shavu na ufizi na kuuacha hapo kwa saa nyingi, wengine kwa miaka hamsini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 na Deborah Winn na wenzake yalikuwa makali. Kwa wanawake weupe wasiovuta, ugoro uliongeza hatari ya saratani ya kinywa na koo mara nne. Kwa saratani ya shavu na ufizi, mahali hasa ugoro ulipokaa, waliotumia kwa muda mrefu walikaribia mara hamsini.

Ramani haikuweza kulisema neno ugoro. Iliweza kuelekeza kidole tu. Aliyetaka jibu alipaswa kufunga safari, kubisha hodi na kuuliza.

Wahamiaji nao walitoa ushahidi wao. Wanawake wa Kijapani kwao walikuwa na saratani chache za matiti na nyingi za tumbo. Walipohamia Hawaii na California, watoto na wajukuu wao wakaanza kufanana na majirani Wamarekani. Damu ni ileile, ila mlo, umri wa kuzaa na idadi ya watoto vimebadilika. Hoja ya damu ikabaki na nguvu kidogo sana.

Katikati ya karne ya 20 tofauti za mahali zikapata chanzo kipya, na hapa ndipo mambo yanapouma. Mwaka 1943 George Papanicolaou na Herbert Traut walichapisha kitabu juu ya kipimo cha kuchunguza seli za mlango wa kizazi na kuona hatari kabla haijawa saratani. Tangu hapo kifo cha aina hii kikaanza kutegemea kama mama ameitwa kupimwa au hajaitwa. Nchi za Kaskazini mwa Ulaya zikawa mfano bila kukusudia. Ni majirani, matajiri wote, wenye mila zinazokaribiana. Finland ilianza mwaka 1963 kuwaandikia wanawake barua za kuwaalika. Iceland ikafuata mwaka mmoja baadaye. Norway iliendesha mpango wa mwaliko katika jimbo moja tu na kuwaachia wengine wapimwe wanapomkumbuka daktari. Mwaka 1987 jarida la Lancet likatoa hesabu. Kati ya 1965 na 1982 vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 80 Iceland, 50 Finland, 34 Sweden, 25 Denmark, na 10 Norway. Kilichotofautisha mama wa Oslo na mama wa Helsinki kilikuwa bahasha. Norway iliweka mpango wa nchi nzima mwaka 1995.

Alichokiona Rigoni-Stern kikapata jina miaka ya 1983 na 1984, pale Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walipovikamata virusi vya HPV, aina ya 16 na ya 18, ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni virusi vya kuambukizana kwa kujamiiana. Watawa wa Verona hawakuvipata. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2008, na chanjo ilikuwa imeingia sokoni miaka miwili nyuma.

Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia kwenye ramani kuliko kwenye tiba. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, anayejulikana kwa uvimbe wa taya za watoto, alishirikiana na Michael Hutt kukusanya taarifa za saratani kutoka hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, na mwaka 1965 wakachapisha mtawanyiko wake katika kanda hii. Hadi leo baadhi ya mafumbo ya ramani za namna hiyo hayajateguliwa. Saratani ya umio imeandama maeneo ya magharibi mwa Bonde la Ufa. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, wanaugua wanaume na wanawake, na wengine hawajafika miaka 30. Chai inayonywewa ikiwa moto sana inashukiwa, na moshi wa kuni nao unashukiwa.

Tiba ilikuja kwa mwendo wa kobe. Jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, Wajerumani walilifungua mwaka uleule wa 1897 ambao Cook aliingia Mengo, likawahudumia Wazungu. Likawa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana hapo tu, hadi hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipokuja kupata mashine zake. Mama wa Bukoba aliyepewa rufaa alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000, nauli ya msindikizaji, na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa. Si ajabu wengi wa wanaofika hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Uganda, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika pale Mulago, na nyingine haikuzinduliwa mpaka mapema mwaka 2018.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonesha umbali huo ulivyo na bei. Katika nchi zilizoendelea sana mwanamke 1 kati ya 12 atapata saratani ya matiti maishani, na 1 kati ya 71 ataifia. Katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo anaipata 1 kati ya 27, yaani wachache kuliko nusu, lakini 1 kati ya 48 anaifia. Kwa mlango wa kizazi, wanawake wapatao 350,000 walifariki mwaka huo, na asilimia 94 kati yao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Kenya makadirio ya mwaka 2020 yaliweka saratani ya matiti mbele kwa idadi ya wagonjwa, na ya mlango wa kizazi mbele kwa vifo. Haviland angetafuta mto wa kuulaumu.

Mto mmoja upo, ila kwa maana nyingine. Kagera inapopita Rusumo hutenganisha Rwanda na wilaya ya Ngara, Tanzania. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwachanja wasichana wake dhidi ya HPV nchi nzima, ikianza na wa darasa la sita, na zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa wakachanjwa. Tanzania ilieneza chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, ikianza na wa miaka 14. Msichana aliyezaliwa ng'ambo ya Rwanda mwaka 1999 alichanjwa akiwa na miaka 12. Mwenzake wa Ngara, aliyezaliwa mwaka huohuo, alikuwa na miaka 19 chanjo ilipofika kwao, na hakuwamo kwenye orodha. Mwaka 2029 wote wawili watatimiza miaka 30, umri wa kuanza kupimwa mlango wa kizazi, na huyu wa Ngara atakuwa na kipimo tu.