Mafunzo ya Ufundi Yaliyojua Njia ya Malisho

Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilipitisha Waraka wa Bunge Namba 10, uliotaka fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na barabara. Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, hazikuwa na hata kimoja cha kujivunia mbele ya kipimo hicho. Mkoloni alikuwa ameifunga Wilaya ya Mpakani Kaskazini, iliyojumuisha maeneo hayo, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Kisha vikaja vita vya shifta, uasi wa Wasomali waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, kuanzia 1963 hadi 1967, na hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991.

Historia ya mafunzo ya ufundi katika eneo hili imeota katika udongo huo. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa nchini, NCCK, lilitoa ripoti kuhusu vijana wanaomaliza shule ya msingi bila kazi, na kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Fikra ilikuwa njema: kijana ajifunze useremala, uashi au ushonaji karibu na kwao. Lakini ilimhesabu kijana mwenye kijiji cha kudumu. Mtoto wa mfugaji anayefuata mvua na ngamia wake hakuwa na chuo cha kufuatana naye.

Jibu lilijitokeza Wajir katika miaka ya 1990. Mradi wa wafugaji ulioungwa mkono na shirika la Oxfam ulifundisha wahudumu wa afya ya mifugo kutoka ndani ya jamii. Wafugaji hao walikuwa tayari wanazijua dalili za maradhi kwa majina ya Kisomali. Kilichoongezwa kilikuwa matumizi ya dawa za kisasa na vipimo vyake, na mhudumu aliweza kuhama na mifugo yake huku akitibu ya jirani. Pigo lilikuja na sheria ya madaktari wa mifugo ya mwaka 2011, iliyotaka mtoa huduma awe na cheti cha chuo. Wengi wa wahudumu hao hawakuwa na kiwango hicho cha masomo.

Dadaab, katika Garissa, ilitoa somo jingine. Kambi za wakimbizi zilifunguliwa huko kuanzia 1991 kwa Wasomali waliokimbia vita, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali kutafuta kazi. Baraza la Wakimbizi la Norway lilipoleta mpango wake wa elimu ya vijana, halikuanza na ufundi peke yake. Kijana alifundishwa kusoma, kuhesabu na stadi za maisha pamoja na kazi ya mikono, na vijana wa jamii wenyeji nao wakapewa nafasi. Aliyekosa shule utotoni hakufungiwa mlango.

Chuo kikubwa cha ufundi cha eneo, kilichoko mjini Garissa, kilipandishwa hadhi mwaka 2016 kuwa Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kaskazini Mashariki. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2019, kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilizinduliwa: megawati 50, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, na kampuni ya Kichina ndiyo iliyokijenga. Jua hilohilo linaweza kuendesha pampu za visima, majokofu ya chanjo na ya maziwa ya ngamia. Hapo ndipo ushirikiano wa chuo hicho, kaunti na wafadhili katika mafunzo unapaswa kuanzia, kwa sababu kazi ipo na inahitaji mafundi.

Kwa hiyo serikali za kaunti na wafadhili wasitie saini mkataba wa mafunzo kabla ya kuwauliza wafugaji, wachimba visima na wachuuzi wa maziwa wanahitaji fundi gani. Masomo yafuate misimu ya mvua na ukame, na mhudumu wa mifugo aliyetibu kwa miaka mingi apimwe kwa ujuzi wake, apewe cheti anachostahili.